Mbegu Kabla ya Mvua: Historia Fupi ya Duka la Mkulima katika Nchi ya Mara



Chama chetu kikuu kinapotimiza miaka 10, ni desturi kuhesabu mafanikio, kupiga picha mbele ya ghala na kuwashukuru wazee walioanza kazi. Hayo yote yamefanywa vizuri katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi wa ofisi ya katibu tumepewa kazi isiyo na picha, nayo ni kueleza habari za duka la pembejeo, yaani duka liuzalo mbegu, mbolea, dawa, majembe na mabomba ya kupulizia, tangu siku za nyuma hata leo. Tena tumetakiwa kujibu swali lililoulizwa na mwanachama mmoja wa Bugwema mbele ya mkutano: "Kwa nini duka letu wenyewe hushindwa na duka la mtu mmoja pale mjini?"

Wako waliocheka. Sisi hatukucheka, maana swali lilikuwa la haki, na jibu lake halimo katika hesabu za mwaka mmoja tu. Limo katika historia.

Mizani na Mbegu

Katika nchi hii ya ziwa hatuwezi kusimulia habari za duka la mkulima bila kuanza na pamba. Kabla ya Uhuru, pamba ya Jimbo la Ziwa ilinunuliwa na wafanya biashara wenye leseni, wengi wao wenye asili ya Kiasia, ambao ndio waliokuwa na vinu vya kuchambulia. Mkulima alifika na mzigo wake kichwani, akaweka juu ya mizani asiyoweza kuisoma, akapokea alichopewa. Manung'uniko juu ya mizani ndiyo yaliyozaa ushirika katika Ukerewe na Usukuma baada ya Vita Vikuu vya Pili. Wakulima waliweka watu wao wenyewe kando ya mizani ili wahakikishe uzito, na kutoka hapo wakaanza kuuliza kwa nini wasinunue pamba yao wenyewe.

Aliyejulikana zaidi kati ya viongozi wa siku hizo ni Paul Bomani. Yafaa tukumbuke jambo moja katika maisha yake ambalo mara nyingi husahauliwa: kabla ya kuwaongoza wakulima wa pamba, alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wenye maduka wa Kiafrika katika mji wa Mwanza, mnamo mwaka 1947. Basi kiongozi huyu alijua taabu ya mwenye duka dogo, ambaye hununua bidhaa kidogo kidogo kwa bei ya juu na kuiuza kwa watu wasio na fedha. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliunganishwa chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, makao yake Mwanza, na baada ya miaka michache shirikisho hilo lilihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika nzima.

Sasa, pamba ina tabia moja ambayo mazao mengine hayana. Mkulima hauzi nyuzi peke yake, huuza pamba pamoja na mbegu yake ndani. Kinu kikichambua, theluthi moja hivi ya uzito huwa nyuzi, na sehemu kubwa ya iliyobaki huwa mbegu. Kwa hiyo mwenye kinu ndiye mwenye mbegu ya msimu ujao, apende asipende. Wataalamu wa kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, walizalisha aina bora zilizostahimili magonjwa na wadudu, na mbegu hizo zilienezwa kanda kwa kanda kwa njia ya vinu. Ushirika ulipopata vinu, ulipata vitu vitatu kwa mara moja: soko la mazao, ghala la mbegu na njia ya kudai deni, maana aliyekopeshwa dawa alikatwa alipoleta pamba. Hakuwa na mahali pengine pa kuuza.

Hiyo ilikuwa nguvu kubwa. Lakini ndani ya nguvu hiyo ulikuwamo ugonjwa uliojificha. Duka lisilo na mshindani halijifunzi kumwamkia mteja. Mbegu ikichelewa, mkulima hungoja. Karani akiwa mkali, mkulima hunyamaza. Kamati Maalumu ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika mwaka 1966 iliona kwamba wanachama wengi hawakuelewa mambo ya vyama vyao, kwamba wafanyakazi wenye ujuzi walikuwa haba, na kwamba siasa iliingilia kazi ya biashara. Baadaye shirikisho likavunjwa na kazi yake ikashikwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Miaka ya Duka Moja

Mwaka 1975 sheria ya vijiji ilikifanya kila kijiji kilichoandikishwa kuwa kama chama cha ushirika cha shughuli nyingi. Mwaka 1976 vyama vikuu vilifutwa, na kazi zao zikapewa mamlaka na mashirika ya umma. Kwa upande wa pamba ilikuwapo Mamlaka ya Pamba. Mwaka huo huo ndio wa Operesheni Maduka, ambapo maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa kuacha nafasi kwa maduka ya ushirika na ya vijiji. Nia ilikuwa njema: mwananchi asinyonywe na mwenye duka. Lakini duka haliendeshwi kwa nia. Huendeshwa kwa bidhaa, daftari na mtu anayeamka mapema. Mahali pengi duka la zamani lilifungwa kabla duka jipya halijajaa, na wananchi wakahangaika kutafuta vitu vidogo kabisa vya matumizi ya kila siku.

Sheria ya 1982 iliruhusu vyama vikuu virudi, na kuanzia mwaka 1984 vilirudi kweli, mkoa wetu wa Mara ukiwa na chama chake. Ila dunia ilikuwa inabadilika. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 ruzuku ya mbolea ilipunguzwa hatua kwa hatua hata ikaondolewa, na mwaka 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Hapo ndipo lile deni la zamani lilipovunjika mguu. Mnunuzi mmoja alimkopesha mkulima dawa. Mnunuzi wa pili, ambaye hakukopesha kitu, alikuja na bei ya juu kidogo, akachukua pamba. Wa kwanza akapata hasara, na mwaka uliofuata hakukopesha tena. Si kwamba wakulima waligeuka wezi kwa siku moja. Uzio ulikuwa umeondolewa, na ng'ombe hutembea.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwapo mfuko wa kuendeleza pamba. Mkulima alipouza, makato yaliandikwa katika kitabu chake kidogo, na msimu ulipofika alichukua dawa na mbegu kwa kiasi kilichoandikwa. Shauri lilikuwa zuri, kwa kuwa lilimfanya mkulima kulipa wakati ana fedha na kupokea wakati ana haja. Lakini palikuwa na vitabu vilivyopotea, vitabu ambavyo havikuandikwa sawasawa, na hata vya kughushi. Baadaye, mwishoni mwa miaka hiyo, mkoa wetu wa Mara ukawa miongoni mwa mahali pa kwanza pa kujaribu kilimo cha pamba kwa mkataba, kinachomwunganisha mnunuzi mmoja na kundi la wakulima.

Kwa upande wa mahindi na mpunga, Serikali ilileta vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/2009. Mkulima alilipa nusu ya bei hivi, na vocha ikalipa iliyobaki kwa mwenye duka, ambaye aliipeleka benki kupata fedha yake. Maduka mengi madogo ya pembejeo nchini yalizaliwa au yalikua katika miaka hiyo. Vocha zilipokoma baada ya msimu wa 2013/2014, twaweza kusema duka moja moja lilipimwa: lililokuwa na wateja lilibaki, lililokuwa na vocha tu likafunga mlango.

Ya Kwetu Wenyewe

Tumesema ya wengine. Haki yatutaka tuseme na ya kwetu. Tulipoanza, tulidhani kwamba duka la ushirika litashinda kwa sababu ni la ushirika. Msimu wa kwanza tulisubiri michango ya vyama vya msingi ikamilike ndipo tuagize mbegu. Michango ilikuja polepole, kikao kikaahirishwa mara mbili, na gari liliposhusha magunia mvua ilikuwa imenyesha wiki ya tatu. Wenye haraka walikwisha kwenda mjini. Tulibaki na mbegu ghalani, na katika mkutano mama mmoja wa Bugwema alisimama akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Mbegu ya baada ya mvua ni chakula cha kuku."

Msimu wa pili tuliogopa lawama, tukakopesha kila aliyeomba. Daftari la mikopo lilijaa majina ya jamaa na marafiki zetu, na ya viongozi pia. Kudai deni la shemeji ni kazi ngumu kuliko kulima kwa jembe la mkono. Dawa nyingine zilipita muda wake juu ya rafu, kwa kuwa tuliagiza kwa kukisia bila kuwauliza wanachama watalima nini. Hatumlaumu mtu mwingine kwa hayo. Tulikuwa wageni katika biashara, tukiwa na sheria ndogo nzuri na ujuzi mdogo.

Yule mwenye duka wa mjini hakutushinda kwa hila. Alifungua duka alfajiri siku ya gulio, aliuza mbegu ya kilo mbili kwa anayetaka kilo mbili, na alijibu maswali ya watu. Tulikwenda kumtazama, tukajifunza.

Mambo Yanayolipa Duka Dogo Nguvu

La kwanza ni wakati. Kilimo chetu hutegemea mvua za vuli na za masika, na pamba hupandwa karibu na mwisho wa mwaka. Bidhaa iliyofika mwezi mmoja mapema yaweza kuuzwa. Iliyochelewa wiki mbili ni mzigo. Kwa hiyo fedha ya kuagizia lazima iwepo kabla ya msimu, wala si wakati wa msimu.

La pili ni nauli. Duka la kijijini haliwezi kuuza kwa bei ya mjini, wala halina haja. Tuchukue mfano wa kubuni. Pakiti ya mbegu mjini iwe shilingi 12,000, na nauli ya kwenda na kurudi shilingi 10,000. Anayehitaji pakiti moja atatumia shilingi 22,000. Sisi tukimwuzia kwa 14,000, tumemsaidia na tumepata faida. Lakini anayehitaji pakiti 10 atatumia mjini shilingi 130,000, na kwetu 140,000. Basi mkulima mdogo ni wetu, na mkulima mkubwa hutukimbia. Ndipo lilipo jambo la ushirika: tukikusanya mahitaji ya wakulima wadogo wengi katika hati moja ya kuagizia, tunakuwa mkulima mkubwa sisi wenyewe, na mwenye ghala kubwa hutupunguzia bei.

La tatu ni mzunguko wa fedha. Wajumbe wengi hudhani faida ni bei ya juu. Tuseme duka lina mtaji wa shilingi 1,000,000. Likiongeza asilimia 20 na kuuza bidhaa zake mara moja tu kwa mwaka, litapata 200,000. Likiongeza asilimia 8 tu, na likauza na kununua upya mara tatu, litapata 240,000, na wateja watalipenda. Lakini mbegu za pamba na mahindi haziuzwi mwaka mzima. Kwa hiyo duka lenye akili huweka na mbegu za mboga kwa wanaolima kando ya ziwa na mitoni wakati wa kiangazi, dawa za kupe kwa wafugaji, na vipuri vya mabomba. Bonde letu la Bugwema limetajwa kwa miaka mingi kuwa mahali pafaapo kilimo cha umwagiliaji. Pale maji yanapofika shambani, duka nalo hupata kazi katika miezi ambayo zamani lililala.

La nne ni uaminifu. Mbegu ni bidhaa ya ajabu: huwezi kuionja dukani, na ubaya wake huonekana baada ya mwezi, wakati fedha imekwisha kutoka na mvua imekwisha kupita. Sheria ya Mbegu ya 2003 iliweka taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, na pakiti halali hubeba lebo yake. Duka letu halifungui pakiti ya mbegu ili kuipima kwa kikombe, hata mteja akiomba kwa upole namna gani. Afadhali tuagize pakiti ndogo kutoka kwa mzalishaji. Kila anayenunua hupewa stakabadhi, na sisi hutunza namba ya shehena, ili mbegu isipoota tujue pa kuuliza. Mwenye duka wa kupita njia hawezi kufanya hivyo. Sisi hatuna pa kukimbilia. Makaburi ya babu zetu yako hapa hapa, na hilo ndilo dhamana yetu.

La tano ni elimu. Mwuzaji asiyejua tofauti ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia humtia mteja hasara. Wauzaji wetu walipelekwa mafunzoni, wakajifunza pia kuvaa glovu na kutoweka dawa za sumu karibu na unga. Tena tangu ruzuku ya mbolea ya msimu wa 2022/2023, ambayo iliwataka wakulima kusajiliwa na kutumia simu, duka lisiloweza kuandikisha na kufuata utaratibu liliwaona wateja wake wakipita.

Liko na jambo ambalo hatujaliweza. Chakula cha nyumba nyingi kwetu ni muhogo, na muhogo hupandwa kwa pingili, ambazo jirani humpa jirani. Ugonjwa wa batobato na ule wa michirizi ya kahawia huenea kwa njia hiyo hiyo ya ukarimu. Maduka ya mjini hayauzi pingili, kwa kuwa ni nzito na hukauka upesi. Hapa ndipo ushirika ungeweza kufanya kazi ambayo mfanya biashara haitaki: kuwa na wakulima wachache wa pingili safi katika kila kata, wenye kukaguliwa, wakiuza kupitia daftari letu.

Fundisho la Rochdale na Uamuzi Ulio Mbele Yetu

Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walifungua duka dogo. Waliuza vitu vichache: unga, siagi, sukari na mfano wake. Kanuni zao zilikuwa rahisi: bidhaa safi, uzito wa haki, fedha taslimu, na ziada igawiwe kwa kadiri mtu alivyonunua. Ushirika wa dunia nzima huwaheshimu hata leo. Sisi tuliwasoma darasani, tukawajibu katika mtihani, kisha tukafanya kinyume chake katika msimu wetu wa pili.

Sasa tumerudi njiani. Mikopo ya dukani imekoma. Mahali pake tumeweka akiba ya mbegu: mwanachama akiuza mazao yake, huacha kiasi apendacho, kikaandikwa katika kitabu chake na katika daftari letu, mbele ya macho yake, na hati huwekwa sahihi mbili. Ni lile shauri la vitabu vya pamba, ila daftari liko kijijini, ambapo mwenye fedha aweza kulitazama siku yoyote.

Lakini akiba hiyo haitoshi kuagiza mbegu za vyama vyote kabla ya mvua. Ndiyo maana Bodi italeta mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka huu wa kumi shauri zito: ziada ya mwaka igawiwe yote kwa wanachama, au sehemu yake iwekwe iwe mfuko wa kuagizia pembejeo, usioguswa kwa kazi nyingine?

Hatutaficha upande wa pili. Wako wanachama, hasa akina mama wajane, ambao gawio hilo ni sare ya mtoto na daftari lake. Wako wazee waliokatwa makato mengi tangu ujana wao, katika mifuko mingi yenye majina mazuri, wasione mwisho wake. Mtu wa namna hiyo akisema, "Nipeni changu mkononi," hasemi upumbavu. Anasema historia.

Kwa hiyo sisi tunapendekeza mfuko uwekwe, lakini kwa masharti: kila mwanachama aandikiwe sehemu yake kwa jina, hesabu zibandikwe ukutani pa kila ghala kila mwisho wa mwezi, na ikiwa mbegu hazitafika kabla ya mvua, wanachama wawe na haki ya kudai sehemu yao irudishwe kwa fedha taslimu. Ofisi isiyoweza kukubali sharti hilo la mwisho haistahili kushika fedha hiyo, na sisi tumo katika ofisi hiyo.

Ndugu wanachama, tangu wazee wetu wasimame kando ya mizani wakiwa na kalamu, swali limekuwa lile lile: ni nani anayetazama? Duka la mtu mmoja hutazamwa na macho mawili, lakini hayalali. La kwetu lina macho maelfu; likishindwa, ni kwa sababu yamefumba. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chataka mtu wa kukishika wima.

Tunawatakia nyote mkutano mwema, na mvua njema, na mbegu iliyotangulia mvua.